Kiu kando ya Ziwa

Nyumba yetu ipo Bwiru, Mwanza, kwenye mteremko unaotazama maji. Alfajiri nikifungua dirisha la jikoni naiona mitumbwi ya dagaa ikirudi, taa zimeshazimwa, na kunguru wamejipanga ufukweni kama wadai. Vitabu vya jiografia vinasema Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 68,800, na karibu nusu yake ni yetu Watanzania. Mimi mgao wangu ni mililita 700 kwa siku.

Humo kwenye 700 kuna chai, uji, mchuzi na maji ya kumezea vidonge. Nimechora mstari kwenye chupa ya lita moja. Asubuhi naijaza mpaka mstarini, na kila nikinywa kitu kingine, tuseme kikombe cha chai, namwaga maji ya kiasi hichohicho kwenye ua lililoko mlangoni. Chupa ikikauka, siku imeisha, hata kama ni saa nane mchana na jua linapasua mawe. Ua lile limestawi kuliko mimi.

Nafundisha kemia, sekondari. Huu ni mwaka wa nne figo zangu hazifanyi kazi. Kilichoziua ni presha. Niliambiwa ninayo tangu nikiwa na miaka 33, nikawa nameza dawa zake siku kichwa kikiuma tu. Juu yake nikaongeza diklofenaki za mgongo, za kununua duka la dawa bila kuuliza mtu. Presha haina kelele. Ilinila taratibu mpaka siku viatu vilipogoma kuingia, uso ukawa unavimba kila asubuhi, chakula kikawa na ladha ya sarafu na mkojo unatoa povu kama umetiwa sabuni. Daktari aliyenipa majibu alinipa tukiwa koridoni, amesimama, simu inaita mfukoni mwake. "Figo zimefeli, mama. Utaanza mashine." Akapokea simu.

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, nakaa kwenye kiti cha kusafishwa damu. Muda wa saa nne kila mara. Mwalimu mkuu alinipangia vipindi vya mchana siku hizo, Mungu ambariki. Mwanzoni kilichoniokoa nisichanganyikiwe ni kemia yenyewe. Nilikaa natazama damu yangu inapita kwenye kichujio chenye maelfu ya nyuzi nyembamba zilizo wazi katikati, damu ndani, maji maalumu nje, takataka zinavuka utando kutoka kwenye wingi kwenda kwenye uchache. Ni somo lilelile la kidato cha kwanza, la tone la wino kwenye glasi ya maji. Pampu imewekwa mililita 300 kwa dakika. Nikapiga hesabu: lita 72 kwa saa nne. Mwilini nina kama lita tano tu, kwa hiyo ni damu ileile inazungushwa na kuzungushwa. Nilimweleza mzee wa kiti cha jirani hesabu hiyo kwa furaha kabisa. Akanitazama kwa muda, akasema, "Mwalimu, hata hapa unatupa kazi ya nyumbani?"

Mkono wa kushoto nina fistula. Neno hili liliniletea kesi mtaani, kwa sababu kwetu ukisema fistula watu wanaelewa ile ya uzazi, ya mama anayevuja mkojo. Jirani mmoja alinijia usiku na khanga mbili kuukuu na sabuni ya mche, ananong'ona pole. Nilicheka mpaka nikalia. Fistula yangu mimi ni ateri na vena zilizounganishwa kwa upasuaji ili mshipa unenepe, uweze kuvumilia sindano. Ukiweka kidole juu yake unasikia unatetema, zzzz, kama mota ya mtumbwi ulio mbali. Mkono huo haupimwi presha, hautolewi damu, haubebi ndoo. Kila asubuhi, kabla sijasali, naugusa. Ikinyamaza ni kukimbia hospitali.

Hayo ya mwili nimeyaeleza kwa haraka kwa sababu yana wataalamu wake. Ninalotaka kulisema ni juu ya neno moja ambalo nimeambiwa labda mara elfu tangu nianze kuugua: jikaze.

Nililijua zamani. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa inakaribia kufika Mwanza, na ndani yake alikuwemo mjomba wangu. Siku ya maziko, Igoma, mama alianza kulia kwa sauti. Shangazi mmoja akamshika mabega: "Jikaze, mayu, watoto wanakuangalia." Mama akajikaza. Niliona taya lake linatetemeka. Nilikuwa msichana wa shule, nikajifunza hapo kwamba mtu mzima ni yule ambaye taya linatetemeka lakini sauti haitoki. Nikalibeba somo hilo hadi ualimuni, hadi ndoani, na baadaye hadi kwenye kiti cha mashine.

Mwaka wa kwanza nilisifiwa sana. Shuleni nilikuwa nikitoka kusafishwa naingia darasani kidato cha nne, natabasamu, naandika milinganyo ubaoni huku miguu haina nguvu. "Mwalimu ni jasiri." "Huyu mama ana moyo." Nilizipenda sifa hizo, sitaficha. Halafu nilikuwa nikifika nyumbani, bakuli likianguka jikoni, napiga kelele mpaka majirani wanazima redio wasikilize.

Siku moja kijana wangu wa mwisho, alikuwa na miaka tisa, alirudi kutoka kucheza mpira. Akafungua friji, akamimina maji ya baridi kwenye glasi kubwa, akayanywa yote kwa mkupuo mmoja akiwa amesimama mbele yangu. Mnajua watoto wanavyokunywa, gluk, gluk, gluk, kisha ule mpumuo wa mwishoni, "Aaah!" Mkono wangu ulimfikia kabla sijajua. Niliipiga glasi ikapasukia sakafuni. Mtoto hakulia. Alichuchumaa akaanza kuokota vipande, akisema, "Samahani, mama," na mimi nikasimama pale namwangalia anaokota. Chupa yangu siku hiyo ilikuwa imekauka saa saba mchana.

Baba watoto alikuwa mlangoni. Hakusema neno. Alichukua ufagio.

Hata baada ya hapo sikubadilika. Ningependa kuandika kwamba nilibadilika, lakini ilichukua miezi, na iliyonibadilisha haikuwa toba. Ilikuwa ni mguu.

Anayesafishwa kwa ratiba yangu, Jumamosi na Jumapili ndio mlima. Kutoka Ijumaa hadi Jumatatu mwili unakusanya maji na takataka, na Jumapili ndiyo siku ya wageni. Jumapili moja wanajumuiya walikuja kuniombea, akina mama kumi na wanne, na kreti la soda. Waliimba vizuri. Kisha kila mmoja akapewa nafasi ya kusema neno la faraja, na maneno yote kumi na manne yalikuwa lile moja. Jikaze, mama. Jikaze, Mungu hampi mtu mzigo asiouweza. Jikaze, kuna wenye hali mbaya kuliko wewe. Mmoja alisema shemeji yake naye alikuwa na figo, "lakini yeye alifariki." Nikatabasamu. Nikawashukuru. Nikawasindikiza hadi barabarani. Niliporudi nikakaa jikoni, nikanywa soda mbili zilizobaki, nikafuata na jagi la maji. Sikuwa hata na kiu ya mdomo. Nilikuwa nazima moto.

Jumatatu kwenye mizani niliongezeka kilo 4.6. Kilo moja ya maji ni lita moja, halina mjadala. Sista aliyekuwa zamu akatangaza, wodi nzima ikasikia: "Mwalimu! Umekunywa ziwa lote?" Wakacheka. Na mimi nikacheka, nikiwa nimebana meno. Saa ya tatu ya mashine, maji mengi yanatolewa kwa haraka, shavu la mguu wa kulia likakaza. Aliyewahi kukazwa na msuli usiku kitandani anajua. Hii ya mashine ni ile mara tano, na huwezi kuruka chini, umefungwa mipira miwili ya kupitisha damu. Nikafanya nilichozoea. Nikabana kila kitu: meno, ngumi, tumbo, mguu wenyewe. Msuli ukawa jiwe.

"Usikaze!" Sista alikuwa ameshafika, amepunguza kasi ya kuvuta maji, ameshika vidole vya mguu wangu anavisukuma kuelekea usoni kwangu. "Mwalimu, legeza! Ukikaza ndiyo unaupa nguvu. Legeza, unyooke, pumua nje. Nje, taratibu!"

Mzee wa kiti cha jirani, ambaye nilikuwa nimemsimulia habari ya wageni wa jana, akasema bila kufumbua macho: "Jana wamekwambia ukaze, leo huyu anakwambia ulegeze. Utamsikiliza yupi?"

Nilitukana. Neno ambalo sijawahi kulitamka mbele ya mtu. Wodi ikanyamaza, halafu mzee akacheka mpaka mashine yake ikapiga alamu. Na mguu ukaachia.

Huyo mzee ni mvuvi wa zamani kutoka Ukerewe. Mashine yake anaiita shemeji. Nilimuuliza kwa nini, akasema shemeji ndiye mtu pekee duniani unayeweza kumwambia lolote na asikasirike. Kila akifika, kabla hajachomwa sindano, anaisalimia na kuieleza hali yake kwa sauti, kama anatoa taarifa kwa mjumbe: "Shemeji, leo nimekuja na hasira. Mjukuu wangu kauza nyavu." Au: "Shemeji, leo ninaogopa, sijui naogopa nini." Mwanzoni nilidhani ni uzee. Baadaye nikagundua kwamba wote tulikuwa tukitoka pale tumechoka, lakini yeye alikuwa akitoka mwepesi.

Nikaanza kumuiga, kwa njia yangu ya kiualimu. Nilikuwa na daftari la maandalio ya somo lisilotumika. Lina safu zake tayari, nikazibadili majina. Muda. Nilichokunywa. Uzito. Na safu ya mwisho, ile ya Tathmini, nikaandika Moyo. Sharti nililojipa ni moja: kwenye Moyo hairuhusiwi kuandika "vibaya" wala "sawa". Lazima jina. Wivu. Hofu ya usiku. Aibu. Upweke wa katikati ya watu. Hasira, ya nani, saa ngapi. Siku nyingine nilikaa na kalamu dakika tano natafuta jina, na lilipokuja nilisikia kitu kinashuka kifuani, kidogo tu, kama mtu aliyelegeza mkanda tundu moja.

Baada ya wiki sita nililisoma daftari lote kama ninavyosoma matokeo ya jaribio. Siku nilizovuka mstari wa chupa hazikuwa zile za joto kali. Zilikuwa siku nilizokuwa nimetabasamu bila kutaka. Kikao cha walimu, mstari umevukwa. Simu ya kaka, mstari umevukwa. Nilikuwa nameza maneno, na maneno yale yalihitaji maji ya kushushia.

Lakini nisidanganye kwamba kiu yote ni ya moyoni. Kiu ya chumvi ni kemia tupu: chumvi ikizidi kwenye damu ubongo unadai maji, na utapewa unachodai hata ukiwa mtakatifu. Nilipoacha chumvi ya mezani na samaki wa kukausha kiu ilipungua kweli. Nasukutua kwa maji baridi na kuyatema. Nanyonya kipande cha barafu, nacho nakihesabu. Mengine ni maombolezo. Dagaa wa hapa hapa Mwanza, fosforasi nyingi, basi. Parachichi, ndizi, potasiamu. Na michembe! Mama yangu bado ananiletea kutoka kijijini kwenye kifuko cha nailoni, kila akija. Nimemweleza mara kumi kwamba viazi vilivyokaushwa ni potasiamu inayosubiri kusimamisha moyo wangu. Ananijibu, "Mayu, utakula kidogo tu." Zamani nilikuwa nabishana. Sasa napokea, nanusa kifuko, nawapa watoto. Kwenye daftari niliandika: huzuni, saa tano, harufu ya nyumbani.

Binti wa dada yangu anasoma saikolojia chuoni. Alipoliona daftari alisema, "Mamdogo, hili jambo limepimwa." Akanieleza habari za Mmarekani mmoja, James Gross, ambaye mwaka 1993 yeye na mwenzake Robert Levenson walichapisha jaribio: watu walionyeshwa filamu ya kuchukiza, wengine wakaambiwa wafiche kabisa wanachohisi. Nyuso zao zikatulia kweli, mtu akiwatazama asingejua. Lakini ndani karaha ilikuwa ileile, haikupungua, na mwili ukaonyesha dalili za kuhangaika zaidi kuliko wa wale walioachwa wajionyeshe. Nilimwomba arudie. Mimi ni mgonjwa wa presha, mwanangu, nikamwambia, na miaka yote nimekuwa nikifanya hilo jaribio bure.

Alinieleza pia kwamba njia nyingine, ya kubadili jicho unalotazamia jambo kabla hisia haijapanda, huwa haina gharama hiyo. Nililikubali kwa nusu. Kwa sindano linafaa: siku hizi wakati ile nene inaingia naipulizia pumzi nje, polepole, kama mtu anayepoza uji wa moto, na najiambia huu ni mlango wa takataka kutokea. Kuna mambo mengine ambayo ukiyabadilishia jicho unakuwa unajidanganya tu.

Kwa mfano yule kijana wa bodaboda. Alikuwa kiti cha mlangoni, miaka 26, anachekesha wodi nzima kwa hadithi za abiria wa Igoma. Mimi nina bima ya utumishi. Yeye alikuwa akilipa taslimu, kwa pikipiki, kisha kwa kuuza pikipiki, kisha kwa michango ya kijiwe. Akaanza kuruka siku. Mara tatu kwa wiki ikawa mbili, ikawa moja. Alikuja mara ya mwisho uso umejaa, anapumua kwa mabega, bado anatania. Wiki iliyofuata kiti kilikuwa wazi, na pale kwetu kiti kikibaki wazi hakuna anayeuliza siku hiyohiyo.

Huyo hakukosa ujasiri. Alikuwa nao kuliko sisi wote. Nikisikia mtu anawahubiria wagonjwa kwamba mwenye moyo wa chuma ndiye anayepona, namkumbuka yeye, na ninakasirika, na kwenye daftari naandika hasira, naiacha ibaki hivyohivyo bila kuipoza.

Habari ilipothibitishwa mzee wa Ukerewe alilia. Kwa sauti, akiwa kwenye mashine, mkono mmoja umenyooshwa, machozi yanaingia masikioni kwa sababu huwezi kujifuta vizuri. Sista mmoja akaanza, "Mzee, jika..." akaacha katikati. Alivuta kiti akakaa. Nilianza na mimi, kwanza kimya, halafu si kimya. Taya langu halikutetemeka hata kidogo siku hiyo. Halikuwa na cha kuzuia.

Nje ya wodi kuna benchi la ndugu, chini ya mwarobaini. Wanakaa hapo waliotuleta, saa nne nzima, na thamosi za chai. Yule binti aliniambia Zimbabwe wana benchi kama hilo lenye kazi rasmi: mwaka 2006, Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafunza bibi wa mtaani kukaa na wenye majonzi kwenye benchi nje ya zahanati, wanasikiliza, wanamsaidia mtu achague tatizo moja kati ya yote na kulianza. Kishona ugonjwa huo wanauita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Sisi tunasema "ana mawazo", na kila mtu anaelewa si mawazo ya kuamua rangi ya gari. Benchi letu halina bibi aliyefunzwa. Lina mke wa mzee wa Ukerewe, anayeuliza kila mgeni, "Umekula?" kabla ya kuuliza mgonjwa ni nani. Nimekuwa nikitoka mapema kidogo kitini, nikae naye nusu saa wakati damu ya mkononi inakauka. Hapo ndipo nilipolitoa la kaka yangu.

Tangu Novemba 2017 figo zinapandikizwa hapa nchini, Muhimbili. Kaka alijitolea mwenyewe, mezani, mbele ya wazazi, hakuna aliyemwomba. Familia ilipiga vigelegele. Ilipofika siku ya kwenda kupimwa, simu yake ikawa haipatikani, na ikawa hivyo kwa miezi minne. Hakuna ugonjwa ulioniuma kama ile simu. Mke wa mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akamimina chai yake, akasema, "Huyo amekuogopa wewe au ameogopa kisu?" Nilikaa na swali hilo wiki nzima. Kisha nikamwandikia ujumbe: Kaka, sikudai figo. Nakudai salamu. Alipiga usiku huo akilia kama mtoto. Figo hajatoa, na mimi sijaacha kuumia moja kwa moja. Lakini Jumapili anakuja, anakaa, tunatazama mpira.

Jumamosi moja ya mwaka huu, jioni, nilizunguka nyuma ya nyumba kuanua nguo ambazo kwa kawaida watoto ndio wanazianua. Nyuma ya simtanki nikamkuta baba watoto amechuchumaa, kikombe cha plastiki mkononi, anakunywa maji kama mwizi. Aliponiona alikificha kikombe mgongoni. Mwanaume wa miaka 51.

"Unafanya nini?"

"Hakuna."

"Tangu lini unakunywa maji huku?"

Akatazama ziwa. Kutoka pale linaonekana vizuri, lilikuwa limeshageuka rangi ya shaba. "Tangu ile siku ya glasi," akasema. "Tulikubaliana na watoto. Wao wanakunywa shuleni na bombani kwa jirani. Mimi hapa."

Karibu miaka mitatu. Nilihesabu mara zote nilizojisifu moyoni kwamba siku hizi sipati shida nikiwa mezani, nimeshazoea. Kumbe hakuna aliyekuwa akinywa. Nilisikia joto linapanda shingoni, na nikajua likifika mdomoni litatoka kama kelele. Nikapuliza uji. Nikatafuta majina.

"Nimeona aibu," nikamwambia. "Na nimekasirika, kwa sababu mmenifanya kama mtoto. Na nimefurahi. Ya kufurahi sijui inatoka wapi."

"Zote kwa pamoja?"

"Zote. Inuka, magoti yatakuuma. Twende ndani."

Nilitoa jagi kwenye friji, nikaweka glasi kubwa mezani, nikammiminia mpaka ukingoni. Mimi nikachukua kipande changu cha barafu. Alikuwa akiniangalia kama mtu anayeambiwa ale mbele ya mtu aliyefunga saumu.

"Kunywa, nikuone."

Akanywa funda moja.

"Siyo hivyo. Kunywa kama mtu mwenye kiu. Nataka nisikie."

Akanywa. Koo lake lilipanda na kushuka, na mimi barafu ikayeyuka ulimini, mililita 20, tayari nimeziandika. Mtoto alikuwa amesimama mlangoni na mpira wake kwapani, amesikia yote. Akauliza kama na yeye anaruhusiwa.

Nikamsogezea jagi.